Nimerudi safari, bustani imegeuka pori: nianzie wapi?

"Shikamoo bibi shamba. Naishi Usa River, nina kiwanja cha robo eka nyuma ya nyumba: mashina ya migomba 15 hivi, miparachichi 4 ya kubebeshwa yenye miaka mitatu, na matuta ya mboga yaliyotulisha miaka minane. Mwishoni mwa Februari nilikwenda Muscat kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Nilipanga wiki 6, nikakaa miezi 4. Nimerudi juzi nikakuta pori. Nyasi zinanifika kiunoni, nyanya nilizoziacha zimekauka na majani yana mabaka kama karatasi iliyoungua, migomba imejaza vichipukizi huwezi kupita. Nyumba nayo imejaa. Mume wangu anatoka alfajiri na kurudi usiku, mkwe wangu ana mtoto mchanga, wajukuu wawili wako likizo, na kijana wa dada yangu yupo anasubiri chuo. Hakuna aliyegusa jembe. Jirani anasema nipulize dawa magugu yote yafe, nianze upya. Shemeji anataka kuniletea pawatila, lile trekta dogo la kulimia. Mume wangu anasema tutie kiberiti. Mimi nikiingia tu bustanini napata uchungu, natoka. Je, udongo wangu umekwisha? Nianzie wapi, na nitaiweza vipi na nyumba hii? Na pia nimebeba mche mdogo wa ndimu niliopewa na wakwe wa binti yangu kule Oman, niupande wapi?"

Marahaba, mdogo wangu, na karibu nyumbani. Hongera kwa mjukuu.

Nianze na hilo ulilolitaja mwisho, kwa sababu ndilo pekee ambalo haliwezi kungoja. Mche wa ndimu usiupande. Tangu miaka ya 1970 mindimu ya Oman imeandamwa na ugonjwa unaoitwa ufagio wa mchawi: tawi linatoa vitawi vingi vidogo vilivyosongamana na majani madogo yaliyopauka, mpaka linafanana na fagio, kisha mti unakufa. Umeua mindimu mingi sana kule. Ugonjwa huu unakaa ndani ya utomvu, kwa hiyo mche mdogo unaweza kuwa nao huku ukionekana mzima kabisa, na wadudu wadogo wanaofyonza utomvu huusambaza mti hadi mti. Najua umepewa kwa mapenzi, na waliokupa hawakukusudia ubaya. Lakini mmea hai kuingia nchini unahitaji kibali na ukaguzi. Ufunge ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na udongo wake, usiutupe kwenye mboji wala jalalani, kisha uwapelekee Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Makao yao makuu yako hapo hapo Arusha, Ngaramtoni. Waeleze ulivyoupata. Wao ndio watakaokuambia la kufanya. Mche mzuri wa ndimu utaupata kwenye vitalu vya hapo hapo Arumeru.

Sasa turudi kwenye pori lako.

Unauliza kama udongo umekwisha. Haujaisha. Watu wengi wakiona magugu marefu hudhani yamenyonya rutuba yote na ardhi imebaki kapi. Fikiria kilichotokea kati ya Machi na Mei: masika imenyesha juu ya ardhi uliyoiacha imelimwa na kutiwa samadi. Kama ardhi ile ingekaa wazi, mvua ingeipiga na kuisomba, na sehemu kubwa ya naitrojeni ingezama chini na maji kuliko mizizi ya mboga inakofika. Magugu yameidaka. Yameshika udongo kwa mizizi na kuinua chakula hicho mpaka kwenye shina na majani. Kile unachokiona kimesimama kiunoni mwako ni samadi yako mwenyewe, imesimama wima. Swali la maana ni namna ya kuirudisha chini bila kuirudisha pamoja na mbegu.

Na hapo ndipo ushauri wote mitatu uliopewa unapokosea, kila mmoja kwa namna yake. Niupitie mmoja mmoja, kwa sababu waliokushauri wanakupenda na utahitaji maneno ya kuwajibu.

Kiberiti kwanza. Moto unakula majani makavu ya juu, yaani unachoma ile ile samadi niliyoisema, na naitrojeni yake inapaa na moshi. Chini ya ardhi, sentimita kumi tu, udongo haupati hata joto la kutosha kuua ndago. Miparachichi yako ya miaka mitatu ina ganda jembamba, itababuka. Na nyoka na panya waliokaa humo miezi minne watakimbilia penye kivuli na ubaridi, ndiyo nyumbani kwako. Hapana.

Pawatila inaonekana ndiyo njia ya haraka, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote kwa kiwanja chako. Nyasi za Arumeru zinazofika kiunoni mara nyingi huwa zimechanganyika na sangari, ile yenye kamba nyeupe zinazotambaa chini ya udongo. Ichimbue moja uiangalie: kila baada ya sentimita mbili tatu kamba ina fundo, na kila fundo ni mche unaosubiri nafasi. Meno ya pawatila yanaikata kamba ile vipande mia na kuvisambaza kiwanja kizima. Ndago ni hivyo hivyo. Ukiing'oa taratibu utakuta kikonyo chembamba kama uzi, na mwisho wake kiazi kidogo cheusi chenye manyoya, ukikikata kinanukia kama manukato. Kutoka hapo uzi mwingine, kiazi kingine, mnyororo. Wakati mnyororo uko mzima, kiazi cha mbele kilichochipua huwazuia vile vya nyuma kuamka. Ukiukata, kila kiazi kinajiona kiko peke yake na kinachipua. Ndiyo maana mtu analima vizuri kabisa, anajisifu, na baada ya wiki mbili ndago imerudi nene kuliko mwanzo.

Kuna na jambo la tatu la pawatila. Mbegu nyingi ndogo za magugu, kishona nguo ikiwa mojawapo, hulala ardhini miaka zikisubiri dalili moja, nayo ni mwanga. Zinahitaji kuuona, hata kwa muda mfupi, ndipo zijue kwamba ziko karibu na juu na kuna nafasi ya kuota. Kila unapogeuza udongo unaleta maelfu ya mbegu juu kuja kuona jua. Kishona nguo mmoja tu unaweza kuzaa mbegu zaidi ya elfu tatu. Zile za miezi minne hii zimekwisha kudondoka. Ukizigeuza leo, umezipanda.

Dawa ndiyo ngumu zaidi kuizungumzia, nami sitaki kukutisha bure. Kiini cha dawa nyingi anazozisema jirani yako ni glaifoseti. Inaingia kwa jani bichi, inasafiri na utomvu mpaka mizizini, na kuzuia mmea kutengeneza baadhi ya vijenzi vya protini. Mmea unafifia polepole, wiki moja hadi tatu. Kwenye shamba la ekari kumi lililovamiwa na sangari nimewahi kuwashauri watu waitumie, kwa vipimo. Lakini angalia bustani yako. Nyasi zilizokomaa na kuanza kukauka haziinywi vizuri. Mbegu zilizo ardhini haizigusi kabisa, wala viazi vya ndago vilivyolala bila jani. Upepo kidogo ukiipeperusha kwenye majani ya mpapai, mboga au vichipukizi vya mgomba, umekwisha. Na hapo una mtoto mchanga, nepi zimeanikwa kambani, wajukuu wawili wanacheza nje. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mamlaka nyingine za udhibiti hazikukubaliana nalo, na mjadala haujafungwa. Kwa robo eka yenye mikono ya watu watano, sioni sababu ya kuingia kwenye mjadala huo.

Na nakuomba, mdogo wangu, ukague stoo leo. Wakati hukuwepo, kuna aliyeleta dawa yoyote? Kuna chupa ya soda au ya maji yenye kimiminika usichokijua? Parakwati, dawa nyingine ya kuua magugu ambayo bado watu huiuziana kwa kupimiana kwenye vichupa, funda dogo tu laweza kumuua mtu mzima, na haina dawa ya kuitengua. Katika nyumba yenye watoto hilo linatangulia bustani.

Basi tufanye nini? Jibu langu ni maneno manne: fyeka kote, lima kidogo.

Kufyeka na kulima ni kazi mbili tofauti, na kosa kubwa la mtu anayerudi safari ni kuzichanganya. Nalisema kwa sababu nililifanya. Mwaka niliporudi nyumbani baada ya masomo ya miezi tisa, nilikuta kiwanja changu kama chako, nikaona aibu mimi bibi shamba kuwa na pori. Nikakodi vijana wawili, tukalima kila kona kwa siku nne. Kilipendeza. Jumatatu nikaingia kazini, watoto wakafungua shule, na yale matuta tisa yakabaki wazi kwa sababu sikuwa na miche ya kuyajaza wala saa za kuyamwagilia. Wiki ya tatu yalikuwa ya kijani, na si kwa mboga. Nilikuwa nimeamsha ndago ya kiwanja kizima, na ilinichukua misimu mitatu kuirudisha nyuma. Ardhi iliyolimwa bila kupandwa haikai tupu.

Kwa hiyo wiki hii na ijayo, fyeka kiwanja chote, usilime hata tuta moja. Fyekeo au panga, ukate kiasi cha vidole vinne kutoka ardhini. Lengo ni moja: kusiwe na ua wala suke linaloendelea kukomaa. Anzia ukutani mwa nyumba ukielekea nje, ili chochote kilichojificha kikimbilie mbali nanyi na si mlangoni. Kila mtu avae gambuti na suruali nzito, na mmoja atangulie na fimbo ndefu akipiga nyasi. Nyoka wengi wakisikia kishindo huondoka. Kifutu haondoki, hulala pale pale akitegemea rangi yake, kwa hiyo pasipoonekana usiingize mkono. Watoto wasiwepo siku hiyo.

Ukiwa unafyeka, tenganisha marundo mawili. Majani mabichi yasiyo na mbegu yabaki pale pale yalipoangukia, yawe matandazo. Vichwa vyenye mbegu, pamoja na kamba za sangari, usiviweke kwenye mboji ya kawaida. Mboji huua mbegu ikipata joto la nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa, na rundo la nyumbani mara nyingi halifiki huko, hasa Julai ya Arumeru yenye baridi na mawingu. Vitie kwenye pipa la maji, uvikandamize kwa jiwe, ufunike kwa kitambaa kilichofungwa vizuri mbu wasizaliane. Baada ya wiki tatu nne vitakuwa vimeoza kabisa. Yale maji, ukichanganya kopo moja na makopo kumi ya maji safi, ni mbolea ya kumwagilia shinani. Harufu yake ni kali, pipa likae mbali na dirisha la mama mzazi.

Kabla hujafyeka sehemu ya matuta, tembea kwanza polepole. Katika bustani iliyolimwa miaka minane, nina hakika utakuta mnavu, mgagani, mchicha uliojimwagia mbegu, pengine mboga ya maboga imepanda kwenye migomba. Hivyo usivifyeke, ndivyo chakula chako cha mwezi huu wakati mengine yanajipanga.

Jihadhari na gugu moja tu. Ukiona mmea wenye majani yaliyochanikachanika kama ya karoti na maua meupe madogo kama punje, hilo ni gugu karoti. Lilionekana Arusha kwa mara ya kwanza mwaka 2010, na linawasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Ling'oe ukiwa na glavu na kitambaa puani, kabla halijatoa mbegu, na umjulishe afisa ugani wa kata.

Nyanya sasa. Chukua jani moja lenye baka ulinyanyue juu ya mwanga. Ukiona mstari mwembamba unaojipinda kama mtu aliyejaribu kalamu, huyo ni inzi anayechora majani, si mkali sana. Ukiona baka pana lililo wazi kama plastiki, ndani yake kuna uchafu mweusi na pengine kiwavi kidogo cha rangi ya kijani au waridi, huyo ni kantangaze. Kwa maelezo yako nadhani ndiye. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na aliingia kwetu mwaka 2014 akianzia huko huko kaskazini. Kutoka yai hadi kipepeo anachukua karibu mwezi mmoja, na sehemu ya mwezi huo anajigeuza akiwa ardhini. Kwa hiyo usiache nyanya zile zikauke pale ukidhani zimekufa naye. Zing'oe zote na matunda yake, uzifukie shimo la urefu wa mkono au uzifunge kwenye mfuko mzito mpaka zioze. Tuta lile usilipande nyanya, bilinganya wala viazi mviringo kwa miezi miwili mitatu. Mnavu ulioota hapo hapo nao ung'oe, ni wa ukoo mmoja.

Migomba haina haraka unavyodhani, lakini ina utaratibu ambao nadhani unaujua: mama, mtoto, mjukuu. Kila shina libaki na mgomba mmoja uliozaa au unaokaribia kuzaa, mmoja wa kimo cha mtu, na kichipukizi kimoja. Vingine vyote vinakula bila kulisha. Katika kuchagua mjukuu, angalia majani. Kichipukizi chenye majani membamba kama upanga kimeshikana na mama yake barabara na kinanyonya kwake, ndicho cha kuacha. Chenye majani mapana tangu kikiwa kidogo kinapendeza macho, lakini hakikushikana vizuri na mama, ndiyo maana kinahangaika kutoa majani mapana kujilisha chenyewe. Hicho kitoe. Chagua wanaoelekea upande mmoja, ili shina zima litembee mstari na usifungiwe njia tena. Usikate vyote siku moja, fanya mashina matatu kila jioni, na magogo yapasuliwe yalazwe chini kama matandazo.

Ukiwa kazini hapo, uwe na jicho. Mgomba wenye majani ya njano yanayolegea kama uliochemshwa, mkungu unaoiva kwa mafungu kabla ya wakati wake, ndizi changa ambayo ukiikata ndani ina rangi ya kutu, au gogo linalotoa usaha wa njano: simama. Usiendelee kukata na panga hilo, lipitishe motoni au ulioshe kwa jiki, na usimgawie jirani kichipukizi hata kimoja mpaka afisa ugani aje aangalie kwa macho yake. Hili si la kuulizana kwa maandishi.

Miparachichi nayo ina hatari moja iliyojificha. Tafuta alama ya kubebesha, kovu lililovimba kidogo, kiasi cha shubiri moja au mbili kutoka ardhini. Tawi lolote lililotoka chini ya kovu ni la mti wa kienyeji uliobeba, si la aina uliyoinunua. Katika miezi minne linaweza kuwa limeshika uongozi na kuufunika mti wako. Likate lote, mpaka kwenye shina. Juu ya kovu, toa tu yaliyokauka na yanayogusana, usizidi robo ya mti kwa mara moja. Ganda la mparachichi likianikwa juani ghafla huungua, kwa hiyo palipobaki wazi papake chokaa. Na tafadhali, jembe lisiingie chini ya mwavuli wa mti. Mizizi inayolisha mparachichi iko juu juu, mingi haizidi sentimita 30, na kila unapoikwangua unafungua mlango wa kuoza. Fyeka, weka matandazo mazito, acha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina.

Hapo ndipo unafika kwenye kulima kidogo. Chagua tuta moja tu, lililo karibu zaidi na mlango wa jikoni, hata kama si lenye udongo bora. Tuta unaloliona ukiwa unaosha vyombo litamwagiliwa, la mwisho wa kiwanja litangoja. Tumia jembe uma, unyanyue udongo badala ya kuukata, uchambue kamba na viazi kwa mkono. Tia ndoo mbili tatu za samadi iliyooza, upande siku hiyo hiyo: miche ya sukuma wiki na figiri inapenda baridi hii, mchicha utaota lakini polepole. Wiki inayofuata tuta la pili. Usifungue la tatu kama la kwanza bado linakushinda. Matuta yaliyobaki yafunike kwa maboksi yaliyofunguliwa, yamwagiliwe yalale, kisha majani juu yake. Nyasi za kawaida zitakufa chini kwa kukosa mwanga.

Ndago itatoboa boksi, nakuambia mapema usije ukavunjika moyo. Yake inakuja mwishoni mwa Agosti na Septemba, wakati mawingu yameondoka na udongo umekauka. Hapo ndipo unaweza kugeuza tuta lenye ndago na kuliacha wazi kwa makusudi, kwa sababu viazi vyake haviwezi kuvumilia ukavu. Vikianikwa juu ya udongo mkavu wiki mbili, vingi vinakufa. Ukifanya hivyo hivyo sasa, na manyunyu ya Julai, utakuwa umevipanda. Na palipolimwa, kila baada ya wiki mbili zing'oe zilizochomoza. Kila jani ndago inalotoa inalilipia kwa akiba ya kiazi, na haianzi kurudisha akiba mpaka imekaa juani wiki kadhaa. Usiipe wiki hizo. Baadaye, vuli ikikaribia, panda kunde na maboga vifunike, kwa kuwa ndago haiwezi kivuli.

Nimeacha nyumba mwisho, lakini nimeisoma barua yako mara mbili na nadhani uchungu wako uko huko zaidi. "Hakuna aliyegusa jembe." Naelewa. Umefanya kazi ya mama kule, ukarudi ukakuta ya huku haikufanywa. Ila nikuulize: katika miaka minane, kuna mwingine aliyewahi kujua kipi kinapandwa wapi na kipi ni gugu? Mara nyingi nilipokwenda kwenye nyumba za watu nilikuta bustani yote iko kichwani mwa mtu mmoja. Akisafiri, anasafiri nayo. Wanaobaki hawashindwi kwa uvivu peke yake, wanaogopa kung'oa karoti ya mama wakidhani ni jani. Na masika ya miezi mitatu, nyumba ina mtoto mchanga analia usiku, nani angetoka kupalilia kwenye tope?

Kwa hiyo kabla ya fyekeo, toka nao siku moja jioni, wote, hata mkwe na mtoto wake mgongoni. Nusu saa inatosha. Wasitoke na zana. Waonyeshe: huu mnavu, hii sangari, hapa nilipanda giligilani. Wajukuu wape vijiti na vibao waandike majina wasimike. Kisha gawa kazi kwa nguvu na kwa nafasi ya mtu. Kijana wa dada yako ndiye wa fyekeo na magogo ya migomba, na umpe sehemu yake yenyewe, tuta lake apande anachotaka na auze akipenda. Anayesubiri chuo anahitaji kitu cha kuonyesha kuliko unavyojua. Wajukuu wamwagilie tuta la jikoni kabla ya chai, na shule zikifunguliwa iwe jioni. Maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yanatosha tuta moja, yasiwe ya sabuni nyingi. Mkwe usimpe kazi, mpe haki ya kuchuma. Mume wako Jumamosi moja kati ya mbili. Kama kuna fedha kidogo ya kibarua, ilipe kwenye kufyeka, siyo kwenye kulima.

Wewe mwenyewe jipe dakika 40 asubuhi, kuanzia saa moja kasoro hivi, kabla nyumba haijaanza kukuita. Usizidishe hata ukinogewa. Umetoka safarini, mwili una uchovu wa miezi minne ya kulea usiku, na mgongo ukikushika wiki ya kwanza bustani itangoja mwezi mwingine.

Mambo ya kutoka nyumbani na kutafuta mtu ana kwa ana ni haya. Mtu akigongwa na nyoka, asikatwe, asifungwe kamba wala kunyonywa sumu: atulizwe, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali mara moja. Mtoto akionja au kumwagikiwa na dawa yoyote, nendeni hospitali na chombo chake, msingoje dalili. Vipele au kifua kubana baada ya kung'oa gugu karoti, nenda kituo cha afya. Kwa migomba yenye dalili nilizotaja, afisa ugani. Na kama kufikia Septemba mboga za tuta la kwanza bado ni za njano licha ya samadi, chukua udongo sehemu kumi tofauti za kiwanja, kina cha shubiri, uchanganye kwenye ndoo safi, na uwaulize watu wa utafiti wa kilimo, TARI Tengeru, ambao ni majirani zako, pa kuupimia. Usinunue mbolea ya dukani kabla ya hapo.

Niandikie tena mwisho wa Agosti, kabla hujageuza tuta la ndago. Unitajie lilivyo: udongo ukiushika unashikana au unamwagika, na asubuhi kuna umande kiasi gani. Kwa hayo mawili nitakuambia kama uanze wiki hiyo au usubiri.